Usiku uvimbe ulipoanza kuyeyuka

Jina lake halisi nalihifadhi, hapa nitamwita Masanja. Alikuwa na umri wa miaka 6, ametokea kwenye kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria, na alipofikishwa wodini kwetu mwaka 2011 taya lake la kulia lilikuwa limefura hata jicho la upande ule halifunguki. Bibi yake ndiye aliyekuwa akimuuguza. Alitueleza kwamba mambo yalianza na jino. Lililegea, nyumbani wakajua ni meno ya utoto yanataka kung'oka. Likalegea la pili, la tatu, ufizi ukapanda. Zahanati waling'oa moja wakidhani ni jipu. Bibi aliapa kwamba uvimbe alioulaza nao jioni haukuwa ule aliouamkia asubuhi, na njiani walikuwepo waliomwambia anatia chumvi.

Hakutia chumvi. Ugonjwa wa Masanja, limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu, ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote zinazompata binadamu. Uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja hadi mbili. Bibi, ambaye hakuwahi kukaa darasani, alikuwa ameuona ukweli huo kwa macho yake.

Daktari wetu wa watoto alikuwa na desturi nzuri ya kufundisha pale pale kitandani, na hakuwabagua wauguzi. Asubuhi ile alisimama na wanafunzi wake akaanzia mbali, Kampala, mwaka 1957, pale Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, alipoitwa kumtazama mtoto aliyevimba mataya yote, juu na chini, kulia na kushoto. Muda mfupi baadaye akamwona mwingine Jinja, naye ana uvimbe usoni na tumboni pia. Burkitt alikataa kuamini kwamba ni bahati mbaya mbili tofauti. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakaenda kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, hospitali kwa hospitali, wakionyesha picha na kuuliza: huyu mnamjua? Wakakuta ugonjwa unafuata mabonde na nchi za joto zenye mvua nyingi, kule kule kunakozaliana mbu wa malaria. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakaona kirusi ndani ya chembe zilizotoka kwa mgonjwa wa Uganda na kuoteshwa maabara London.

Niliyasikiliza hayo nikiwa nimeshika faili la Masanja, na nakiri yalinigusa kuliko hotuba yoyote niliyowahi kusikia chuoni. Sisi ambao watoto wetu ndio wanaougua tulikuwa hatuijui hadithi hiyo.

Kirusi cha Epstein-Barr tunacho karibu sote. Watoto wengi wa kwetu hukipata mapema, wala hawaugui. Hujificha katika chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili. Malaria inayomrudia mtoto kila mara huzichokoza chembe hizo zigawanyike kupita kiasi, na huamsha kimeng'enya chenye kazi ya kukata vinasaba. Ikatokea mkato ukakosea, kipande cha kromosomu ya 8 (kromosomu ni uzi unaobeba vinasaba) chenye jeni iitwayo MYC kinaweza kwenda kujiunga na kromosomu ya 14, jirani na jeni ya kingamwili, ambayo katika chembe hiyo iko kazini muda wote. MYC ndiyo inayoamuru chembe igawanyike. Ikishakaa pale, amri haikomi.

Kipande cha nyama kilichokatwa tayani kilipokuwa tayari maabara, niliomba kuchungulia. Kwenye darubini kulikuwa na chembe zilizosongamana, buluu iliyokolea, na katikati yake madoa meupe yametawanyika huku na kule. Madaktari huliita anga la nyota. Mtaalamu wa maabara akaniambia yale madoa ni chembe za ulinzi zinazokula maiti za chembe za saratani. Yaani hata kabla hatujagusa dawa, ndani ya uvimbe ule kulikuwa na kuzaliwa na kufa kwa wakati mmoja. Neno hilo nililibeba kichwani hadi usiku wa tukio lenyewe.

Picha ya tumbo ilionyesha uvimbe mwingine umezunguka figo, na asidi ya yuriki, taka itokanayo na chembe zinazokufa, ilikuwa imeshapanda kwenye damu. Daktari akasema mtoto huyu ndiye hasa wa kumwogopea siku za mwanzo. Akaandika dripu zaidi ya lita 2 kwa siku kwa kilo zake 18, pamoja na alopurino ya kuzuia asidi isizidi, kabla hata ya dawa ya saratani. Akapigia mstari kwamba dripu isiwe Ringa, kwa kuwa ile ina potasiamu. Siku hiyo hiyo bibi alirudi kutoka sokoni na chane ya ndizi mbivu, akifurahi kwamba mjukuu ameanza kuulizia chakula. Ilibidi nizuie.

"Bibi, ndizi hizi kwa leo hapana."

"Mwanangu, mtoto hajala wiki nzima."

"Najua. Nitamletea uji. Ndizi zina kitu ambacho kikizidi kwenye damu yake, moyo unaweza kusimama."

Alinitazama kama mtu anayepima kama anaambiwa kweli. Kisha akazifunga kwenye kanga akazisukuma mvunguni.

Siklofosfamaidi, dawa yenyewe ya saratani, iliingia asubuhi iliyofuata, kwa dozi ndogo ya kuanzia. Usiku wa pili nilikuwa zamu. Nilipofika kitandani bibi alikuwa amesimama, mikono juu, anamshukuru Mungu. Jicho la Masanja lilikuwa limefunguka. Taya lililokuwa gumu kama jiwe lilibonyea chini ya kidole changu. Akina mama wa vitanda vya jirani walikuja kutazama, mmoja akapiga kigelegele. Na mimi nikainama kuangalia chupa ya mkojo.

Tulitaka apate walau mililita 70 kila saa. Saa iliyotangulia ilikuwa imeandikwa 40. Nilipopima mwenyewe nikapata 20, na ulikuwa mzito wenye rangi ya chai.

Nilimfunga kitambaa cha kupimia presha. Kilipokaza mkono, vidole vyake vikajikunja vyenyewe, kidole gumba kikaingia kiganjani. Hiyo ni ishara ya kalsiamu kushuka. Chembe za saratani zinapokufa kwa mamilioni kwa mpigo, zinamwaga ndani ya damu kila kilichokuwamo: potasiamu, fosfeti, na malighafi inayogeuka asidi ya yuriki. Fosfeti huishika kalsiamu, na vyote kwa pamoja huenda kuziba figo, ambazo ndizo zilizotegemewa kuvitoa. Potasiamu ikikosa pa kutokea, huufikia moyo. Mwaka 1973 jarida la Lancet lilikwisha kuandika kuhusu potasiamu kupanda baada ya tiba ya limfoma hii hii, kwa hiyo halikuwa jambo geni duniani. Lilikuwa geni kwa bibi, aliyekuwa bado anatabasamu.

Nilimwita daktari wa zamu, nikachukua damu, nikaipeleka maabara kwa miguu yangu mwenyewe. Potasiamu ilirudi 6.9. Kawaida haizidi 5 na kidogo. Karatasi ya mapigo ya moyo ilionyesha vilele vilivyochongoka ambavyo sikuwahi kuviona kwa mtoto. Daktari alimpa kalsiamu ya mshipa polepole, macho yake kwenye karatasi, kisha insulini pamoja na glukosi ili potasiamu irudishwe ndani ya chembe, nasi tukamvutisha salbutamoli, dawa ile ile ya pumu, ambayo nayo husaidia kuisukuma. Hayo yote ni ya kununua muda. Kinachoiondoa mwilini ni figo, na mashine ya kusafisha damu ya kumfaa mtoto mdogo hatukuwa nayo. Tukaongeza maji, tukampa furosemaidi, dawa ya kukojoza, tukangoja.

Ndipo nikamkalisha bibi kwenye benchi.

"Uvimbe unayeyuka, bibi, hilo ni kweli na ni jema. Lakini uchafu wake haupotei hewani. Unapita kwenye figo, na sasa hivi figo ni kama mtaro uliopokea taka za mtaa mzima siku ya mvua."

Alikaa kimya kidogo. "Sasa mimi nifanye nini?"

Nikampa tochi, nikamwonyesha mistari ya chupa. Kila mkojo, hata kidogo, aniite kabla ya kumwaga. Sikumpa kazi hiyo ili kumliwaza. Usiku ule tulikuwa wauguzi wawili kwa wodi nzima, na mtu mwenye uchungu na mtoto hasinzii.

Karibu na alfajiri aliniita kwa sauti iliyoamsha wodi. Nilikuta 60. Saa iliyofuata 90, rangi imefifia. Damu ya asubuhi ilionyesha potasiamu 5.4, na vidole havikujikunja tena. Daktari mkuu alipopita aliikagua ile karatasi ya mkojo mstari kwa mstari kabla hajamgusa taya, na nilimheshimu kwa hilo. Watu husifu dawa, na dawa inastahili. Ugonjwa huu unapona kwa watoto wengi wanaoanza tiba mapema na kuimaliza. Ila nimeshawaona watoto waliofika wakiwa hai, wakapewa dawa iliyo sahihi, wakafa siku ya tatu huku uvimbe umeshanywea, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kupima mkojo wala maabara inayofanya kazi usiku. Hilo linaniuma mpaka leo, na silioni kama jambo la bahati. Kipimo cha potasiamu si anasa.

Mzunguko wa pili wa dawa, pamoja na sindano za uti wa mgongo za kuzuia saratani isipande kichwani, ulipita bila tatizo, kwa kuwa uvimbe uliobaki wa kufa ulikuwa mdogo. Masanja alimaliza mizunguko yote. Saratani hii ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya mwaka wa kwanza, hivyo tulimwandikia bibi tarehe za kliniki kwenye kadi, naye akawa anavuka ziwa na mjukuu wake kila tarehe ilipofika, mpaka mwaka ukaisha na kadi ikajaa.