Nyimbo za Kuanzia Ukulele: Ninavyozichagua kwa Ajili ya Watoto

Mtoto anayeshika ukulele, ala ndogo ya nyuzi nne inayofanana na gitaa, kwa mara ya kwanza ana kazi tatu za kufanya kwa pamoja: kubonyeza uzi kwa kidole kisichozoea, kucharaza kwa mkono wa pili bila kupoteza mapigo, na kuimba. Wimbo wenyewe ukiwa mgeni kwake, kazi zinakuwa nne, na kinachokatika kwanza huwa ni sauti yake. Ndiyo maana, kabla sijahesabu kodi za wimbo, yaani zile noti zinazolia pamoja chini ya sauti ya mwimbaji, huwauliza watoto wanaimba nini nyumbani na uwanjani, kisha nachagua miongoni mwa hizo.

Wimbo wa kwanza uwe wa kodi moja. Kwenye nyuzi zilizotuniwa, yaani zilizokazwa hadi zitoe noti za G, C, E na A, kodi ya C hushikwa kwa kidole kimoja tu, kile cha pete, katika freti ya tatu, yaani nafasi ya tatu kati ya vile vipande vya chuma vya shingoni, ya uzi wa A, ambao ndio ulio karibu zaidi na magoti. Wimbo wa Kifaransa wa Frère Jacques unaweza kupigwa kwa kodi hiyo mwanzo hadi mwisho, na darasa likishauzoea linaweza kugawanywa ili kundi la pili lianze nyuma ya la kwanza.

Kodi ya pili ndiyo inayohitaji fikra. Desturi ni kutoka C kwenda G7, ambayo hudai vidole vitatu kwa mpigo, na watoto wengi husimama kabisa kucharaza huku wakivitafuta. Mimi napendelea kuanza na F na C7. Katika F, kidole cha kati hukaa kwenye uzi wa G, freti ya pili, na cha shahada kwenye uzi wa E, freti ya kwanza. Kwenda C7, kidole cha kati huinuka na cha shahada husogea hadi uzi wa A unaofuata, katika freti ileile. Faida nyingine iko kooni. Nyimbo nyingi hushuka hadi so iliyo chini ya do, ile noti ambapo wimbo hutulia. Do ikiwa C, hiyo so ni chini mno kwa watoto wengi wa miaka saba au minane, nao huishia kunong'ona. Do ikiwa F, so hiyo inaangukia C ya kati, ambayo ndiyo sauti ya uzi wa C usiobonyezwa, kwa hiyo mtoto anaweza kuugusa akaisikia kabla hajaimba. Ila wimbo ukidai kodi ya tatu, mara nyingi itakuwa B flati, inayotaka kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi mbili huku viwili vingine vikibonyeza zilizobaki. Wimbo wa namna hiyo nauweka kando kwanza.

Nyimbo za michezo zina ugumu wake, kwa kuwa mikono inayoshikana au kupiga makofi haiwezi kushika ala. Sitaki kuziacha, maana ndizo watoto wanazozijua kuliko zote. Katika Ukuti, nusu ya darasa huzunguka duara na nusu hucharaza, na wachezaji wakijikwaa, wapigaji husikia wenyewe kwamba wameharakisha, baadaye wanabadilishana. Katika Maua Mazuri, anayeanza kabisa huziba nyuzi kwa kiganja na kucharaza mara tatu tu, panapoimbwa sauti ya nyuki, naye anakuwa na sehemu yake halisi ndani ya wimbo.

Wazazi wengi hunishauri Malaika. Naupenda sana, lakini ni maneno ya mtu mzima asiye na fedha za kumwoa ampendaye, na ninataka mtoto aimbe jambo analolielewa. Kwa vijana wanaoomba Bongo Fleva natumia kipimo hichohicho: nasoma maneno yote, ubeti kwa ubeti, kabla ya kukubali.

Wimbo ukishapita hapo, nauandika ubaoni kwa herufi kubwa na kuweka jina la kodi juu ya silabi ile ile inapobadilika, si mwanzoni mwa mstari. Kisha tunauimba bila ala, tukipiga mguu chini kwenye silabi hizo, hadi kila mtoto anajua mkono wake utahama wapi.