Mtoto wa kongosho na bakuli la mtori

Moshi, Jumapili usiku

Kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo la chakula, likivimba ghafla kwa mtu mzima, tunauliza pombe na mawe ya nyongo. Kwa mtoto maswali ni mengine. Ana selimundu? Basi mawe ya nyongo yanawezekana hata kwake. Anameza valproeti ya kifafa? Mnyoo wa askaris nao huweza kuingia kwenye mrija wa nyongo, kwa hiyo bibi akisema "ni minyoo tu" nisimpuuze. Halafu lile ambalo watoto wenyewe hulificha wakiogopa fimbo: ameanguka?

Huyu tuliyemuuguza wiki hii alikuwa ameanguka. Baiskeli, mteremko wa Kibosho, usukani ukamgonga juu ya kitovu. Alikuja kwetu ameshaanzishiwa dawa za taifodi, anatapika, amejikunja. Alimwambia daktari ukweli mama alipotoka kwenda kulipia vipimo.

Ili tuseme ni kongosho, mambo mawili kati ya matatu yatimie: maumivu yanayofanana nalo, lipesi au amilesi (vimeng'enya vya kongosho vinavyopimwa kwenye damu) kufika mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida, au picha kuonyesha. Ultrasaundi yake haikuonyesha kitu, maana gesi ya utumbo huliziba kongosho. Lipesi na yale maumivu vilitosha.

Dawa ya kuuzima uvimbe wenyewe hakuna. Dripu ya kutosha, tena mapema, huku tukipima mkojo. Dawa ya maumivu ya uhakika, hata mofini ikibidi. Sikubali mtoto aachwe alie kwa kuwa sisi wakubwa tunaliogopa jina. Antibiotiki hazihitajiki kama hakuna maambukizi.

Kilichomtia mama hofu ni chakula. Nilipoanza kazi, mtoto wa namna hii alikaa bila kula mpaka maumivu yaishe, eti kongosho lipumzike. Siku hizi, ugonjwa ukiwa mwepesi, tunamlisha ndani ya saa 24 hadi 48 akiweza, kwa sababu utumbo usiopata chakula hudhoofika.

"Sista, na huu mtori una nyama?"

"Mpe, mama. Kidogo kidogo."

Alikula nusu bakuli, hakutapika.

Leo wameruhusiwa. Nimemsisitizia mama arudi kliniki kwa ultrasaundi nyingine hata mtoto akiwa anacheza, kwa kuwa baada ya jeraha la namna hii uvimbe wa majimaji huweza kujitengeneza wiki kadhaa baadaye. Tumbo likijaa, au kutapika kukirudi, asisubiri tarehe.