Usitie Sahihi Vocha Kabla Mfupa Haujaunga

Madai mengi ya ajali za barabarani hapa Kenya hayaharibikii mahakamani. Yanaharibika mapema, kituoni kwa polisi katika wiki zile za kwanza, au mwishoni kabisa, siku kampuni ya bima inapoleta vocha, yaani karatasi ya kukubali malipo, ya kutiwa sahihi. Yanayotokea katikati ni kazi ya wakili, lakini hata yeye hujenga kwa makaratasi utakayompelekea.

Anza na OB, daftari la matukio la polisi. Ajali iandikishwe katika kituo cha eneo ilikotokea. Majeruhi akiwa amelazwa, ndugu yake aende. Andika nambari ya OB na tarehe yake. Baadaye utachukua abstrakti ya polisi, yaani karatasi yenye muhtasari wa ajali, na hapa ndipo panapohitaji macho. Isome ukiwa bado kaunta: nambari ya gari, jina la mwenye gari, jina la dereva, kampuni ya bima, nambari ya sera ya bima, tarehe inapoisha, na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho. Herufi moja ikikosewa kwenye nambari ya gari, unashtaki gari ambalo halikuwapo. Sehemu ya bima ikiachwa wazi, kampuni itasema haimjui mteja huyo. Ndiyo maana aliye na simu pale barabarani apige picha ya nambari ya gari na stika ya bima kabla gari halijavutwa. Abstrakti nyingi huandikwa kwamba uchunguzi bado unaendelea. Hilo halikuzuii kudai, ila dereva akija kushtakiwa na kupatikana na hatia, rudi uchukue nakala ya uamuzi huo.

Jina la mwenye gari lithibitishwe kwa rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari, usitegemee alichosema makanga. Sheria ya Trafiki humhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Matatu huuzwa na kuuzwa tena bila logbuku kubadilishwa, na kila mmoja atamwonyesha mwenzake kidole.

P3, fomu ya kueleza majeraha, hutolewa na polisi, ikajazwa na daktari. Haitoshi peke yake. Wakili atakupeleka kwa daktari akuandikie ripoti kamili ya majeraha, na kampuni ya bima nayo itataka ukaguliwe na daktari wake. Nenda na picha za eksirei na karatasi ulizopewa ulipotoka hospitali. Ripoti mbili zikitofautiana asilimia ya ulemavu, eksirei ndiyo itakayoamua nani anasema kweli. Kama umewekwa vyuma, daktari aandike kwamba vitatolewa na itagharimu kiasi gani. Gharama hiyo ya baadaye isipotajwa ndani ya madai yenyewe, hakimu hatakupa hata akikuona unachechemea mbele yake.

Muda wa kushtaki ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Gari likiwa la serikali ni miezi 12 tu, na wengi hugundua hili mwezi wa 14. Kwa mtoto, miaka hiyo 3 huanza kuhesabiwa akitimiza miaka 18, ingawa mzazi anaweza kumshtakia mapema. Fidia ya aliyefariki hudaiwa na mtu mwenye kibali cha mahakama cha kusimamia mali yake, hata kile cha muda cha kesi tu. Kesi iliyofunguliwa kabla ya kibali hutupwa nje. Kampuni ya bima nayo ipelekewe notisi ya kesi mapema, kabla hata ya kuifungua, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ihifadhiwe. Chini ya Sura ya 405, sheria ya bima ya lazima ya magari, bima isiyopewa notisi kwa wakati inaweza kukwepa kulipa hukumu.

Sasa hesabu. Fidia ya maumivu haina orodha ya bei. Mahakama hutazama hukumu za awali za majeraha yanayofanana, kisha huzingatia jinsi shilingi ilivyoshuka thamani. Hasara halisi, yaani dawa, nauli na matibabu, lazima itajwe na ithibitishwe kwa risiti. Invoisi si risiti. Hospitali ikikupa invoisi, dai risiti ya malipo. Asiye na payslip, kama mama mboga au mtu wa bodaboda, mara nyingi hupimwa kwa kima cha chini cha mshahara wa kazi inayokaribiana na yake, kwa hiyo taarifa za M-Pesa na daftari la mauzo si takataka.

Tuseme maumivu yamekadiriwa shilingi 400,000 na risiti ni 85,000. Jumla ni 485,000. Mahakama ikiona ulivuka barabara vibaya ikakubebesha asilimia 20 ya lawama, unabaki na 388,000. Kwa hiyo mabishano ya 80 kwa 20 au 50 kwa 50 ni mabishano ya pesa taslimu, na mashahidi wa pale barabarani wana thamani kuliko watu wanavyodhani.

Kifo kina hesabu yake: mapato ya mwezi, mara 12, mara miaka aliyotarajiwa kuendelea kufanya kazi, mara sehemu aliyotumia kwa wanaomtegemea. Mwenye familia aliyekuwa akipata 30,000, kwa miaka 15, theluthi mbili ikiwa ya wanaomtegemea, inatoka 3,600,000. Lakini sheria inailazimisha bima kulipa hadi milioni 3 kwa mtu mmoja. Hizo 600,000 zinazozidi ni deni la mwenye gari mwenyewe. Aliyepewa lifti ajue pia kwamba bima ya lazima haishurutishwi kumlinda abiria wa gari la binafsi asiyelipa nauli.

Halafu vocha. Itakuja na maneno ya malipo kamili na ya mwisho, pengine mguu ungali ndani ya plasta. Ukishatia sahihi, operesheni ya pili ni ya mfuko wako. Maafisa wa bima hupenda kuandika "majeraha ya nyama" hata mfupa ulipopasuka, kwa sababu bei zake ni mbali kabisa. Usikubali kabla daktari hajasema umefikia mwisho wa kupona, na uliza kwa maandishi kama kiasi hicho kina gharama za wakili ndani yake au zinalipwa kando. Makubaliano ya madai ya mtoto yanahitaji idhini ya mahakama.

Hundi kwa kawaida hupitia akaunti ya wakili. Dai hesabu iliyoandikwa: kilichoingia, gharama, ada, salio. Mkataba wa kulipwa ada kesi ikishinda tu haukubaliki katika Sheria ya Mawakili, kwa hiyo anayekufuata wodini akiahidi "hulipi hadi ushinde" anakuambia mapema jinsi anavyofanya kazi. Salio likicheleweshwa bila maelezo, malalamishi hupelekwa kwa Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili.