Siku moja ya fundi umeme wa taa za filamu

Saa 11 alfajiri. Kamera bado zimo masandukuni, jenereta ya kVA 60 (kipimo cha nguvu yake) tayari inanguruma mbali, maikrofoni zisiisikie. Umbali huo hula volti: waya wa milimita 2.5 za mraba wenye urefu wa mita 50, ukibeba ampea 16, hupoteza volti 12 hivi. Kwa hiyo kebo nene hufika hadi boksi la kugawia umeme, nyembamba zikaanzia hapo. Kuunga kuna mpangilio: ethi (waya wa ardhini), kisha nyutro (waya wa kurudisha umeme), mwisho fezi tatu (nyaya zinazoleta umeme). Nyutro ikichomoka kazini, fezi yenye mzigo mdogo hupanda volti na taa zake huungua.

Saa 1 asubuhi ni hesabu. kVA 60 kwa volti 400 ni ampea 86 kila fezi, hatuvuki 70. Taa ya HMI, taa kali ya filamu, ya wati 4,000 hula ampea 19 hivi ikiwa balasti yake, kifaa kinachoiendesha, inasahihisha pawa fakta, yaani uwiano wa umeme unaotumika na unaovutwa. Isiposahihisha huweza kukaribia 30, na anayesoma wati pekee hatajua kwa nini breka imeruka.

Mchana ni kuwasha, kuzima, kuhamisha, kupima. Na kufukuza mabirika na draya za nywele kwenye soketi zetu.

Umande ukishuka ndipo kazi inapoanza. Kila balasti ya kielektroniki huvujisha miliampea chache kwenye ethi, ndivyo ilivyoundwa. Sita zikikaa kwenye RCD (swichi inayokata umeme unapovuja) moja ya miliampea 30, kila moja ikivujisha 3, tayari ni 18, na RCD hiyo inaruhusiwa kuruka popote kuanzia 15. Tone la maji ndani ya plagi linamalizia. Giza.

"Fundi, dakika ngapi?"

Swali hilo huja kila dakika, likifuatana na mjuaji anayetaka umeme upitishwe nje ya RCD. Haupitishwi, watu wamesimama kwenye nyasi mbichi. Kuzima breka za matawi hakutoshi kumpata mkosaji, maana nyingi hukata fezi tu, na nyutro iliyogusana na ethi itaendelea kuirusha. Chomoa plagi zote, rudisha moja moja, huku mita ya kubana (hupima mkondo kwa kuzingira waya) ikizunguka fezi na nyutro kwa pamoja: inachosoma ndicho kinachovuja. Mara nyingi mkosaji ni plagi iliyolala chini. Ikaushe, iinue juu ya kibao, gawa balasti kwenye RCD mbili. Hata hapo, HMI nyingi zikiwa moto hazikubali kuwaka upya hadi zipoe, na lawama za dakika hizo ni za fundi.

Kufunga: taa kwanza, jenereta ingurume bila mzigo dakika tano ipoe, izimwe, kisha zichomolewe fezi, nyutro, ethi. Plagi iliyoleta shida hufungwa utepe mwekundu na kusafiri kwenye sanduku lake.