Sanduku la chura kisiwani: joto, unyevu na hewa iliyolala

Maelekezo mengi ya kufuga chura yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Yatakwambia uweke taa ya joto, ufunike sanduku lisipoteze unyevu, kisha upulize maji mara tatu kwa siku. Ukiyafuata hayo Unguja au Pemba mwezi wa Februari, chura atakuwa ameiva kabla ya Magharibi. Joto tunalo, unyevu tunao. Kinachokosekana ndani ya kioo ni kivuli na hewa inayotembea. Taa ya joto isahau, hata wakati wa kipupwe.

Kwanza ujue chura wako anataka nini, maana hawalingani. Chura wa mitini wa Australia, yule mnene wa kijani, anastarehe kwenye nyuzi 24 hadi 29 na unyevu wa asilimia 50 hadi 70, na ni mvumilivu. Wa macho mekundu wa Amerika ya Kati anataka nyuzi 24 hadi 28 mchana na usiku zipungue kidogo. Wale wadogo wa sumu wa Amerika wakipita nyuzi 29 wako hatarini. Mimi naona si wanyama wa nyumba isiyo na kiyoyozi. Na wa tumbo jekundu wa Asia Mashariki anataka ubaridi wa nyuzi 18 hadi 24, kwa hiyo usihangaike naye. Vyura wa matete wa pwani yetu wanastahimili zaidi, lakini Jozani na Ngezi ni hifadhi, humo hachukuliwi chura wala mdudu.

Chura anajipoza kama mtungi. Maji yanatoka kwenye ngozi, yanakuwa mvuke, yanaondoka na joto. Mtungi ukiuweka kwenye upepo unapoa. Ukiufungia ndani ya kabati lenye mvuke unabaki na joto la kabati. Hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 65 inaweza kuipoza ngozi iliyolowa hadi karibu nyuzi 26, mradi hewa inapita. Hewa hiyohiyo ya nyuzi 31 ikiwa imeshiba maji, asilimia 98 au 100, haipozi kitu. Ndiyo maana ni kosa kuona joto limepanda saa saba mchana ukakimbilia chupa ya kupulizia huku sanduku limefungwa. Umemzidishia.

Jambo jingine linalowababaisha watu ni namba za kipimaunyevu. Alfajiri kinasoma 80, saa nane mchana kinasoma 54, mtu anadhani sanduku linavuja. Halivuji. Hewa yenye joto ina nafasi kubwa zaidi ya kubeba maji: mita moja ya ujazo ya hewa kwenye nyuzi 24 inashiba kwa gramu 22 hivi, na kwenye nyuzi 31 inashiba kwa gramu 32. Maji ni yaleyale, chombo ndicho kimepanuka. Kwa hiyo soma mara tatu, baada ya Alfajiri, saa nane mchana, na baada ya Isha, ukiandika joto na unyevu pamoja. Unyevu peke yake bila joto haukwambii kitu.

Kipimo chenyewe ukihakikishe, kwa sababu vile vya bei rahisi hukosea kwa asilimia tano hata kumi. Chukua kizibo cha chupa, jaza chumvi ya jikoni, idondoshee maji mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke. Weka kizibo na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ufunge, uache kutwa nzima kivulini. Kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 69, bandika karatasi nyuma: ongeza 6. Uwe na vipimo viwili, kimoja usawa anaolala chura mchana, kimoja karibu na kifuniko. Kisigusane na kioo wala kisipigwe na maji moja kwa moja.

Sanduku lenyewe, kwa vyura wa mitini wawili watatu, sentimita 45 kwa 45 na kimo cha 60 latosha. Fundi wa madirisha ya aluminiamu anakukatia kioo cha milimita 5 bila shida. Mwambie mambo mawili. Kifuniko kizima kiwe wavu, si kioo. Na upande wa mbele, chini, juu kidogo ya usawa wa udongo, aache ufa wa sentimita 5 kwa upana wote, nao uzibwe kwa wavu. Hewa ya joto inapanda na kutokea juu, ya nje inaingia kwa chini; bila huo ufa, wavu wa juu hautoshi. Silikoni iwe isiyo na dawa ya ukungu, na isubiri siku tatu au mpaka harufu ya siki iishe kabisa.

Wavu uwe wa madirisha, wa kawaida. Usikate chandarua. Vyandarua tunavyogawiwa vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa ya aina hiyo ni sumu kali kwa samaki na kwa chura, ambaye anapumua na kunywa kwa ngozi. Kipande cha chandarua kikishawekwa juu, kila tone la maji linaloning'inia pale linamdondokea mgongoni.

Mahali pa kuliweka ndipo unaposhinda vita au kushindwa. Chumba chenye bati bila dari kinaweza kupita nyuzi 35 saa nane mchana, na hapo hakuna ufundi utakaosaidia. Nyumba za Mji Mkongwe, kwa kuta zake nene za mawe na chokaa, ni bora kuliko ghorofa ya juu ya jengo jipya la saruji. Popote ulipo, chagua chumba cha chini, weka sanduku karibu na sakafu, mbali na ukuta wa magharibi ambao unakula jua la Alasiri na kulitema mpaka usiku. Angalia pia dirisha la kaskazini. Disemba halina neno, lakini Juni na Julai jua limehamia upande huo na linaingia ndani. Robo saa tu ya jua juu ya kioo inatosha kuua. Miguu ya meza fupi inayobeba sanduku itie kwenye vikopo vya maji, kama lifanywavyo kabati la chakula; sisimizi wakimkuta chura aliyelala hawamwachi.

Ndani, chini kabisa, weka vigae vya vyungu vilivyovunjika, kimo cha sentimita 3 au 4, ili maji ya ziada yapate pa kujikusanya. Usitumie mchanga wa pwani kwa sababu ya chumvi, wala kokoto za matumbawe, ambazo hubadilisha maji yakawa magumu. Juu ya vigae tandika kipande cha wavu, kisha sentimita 6 hadi 8 za kumbi la nazi lililochanwachanwa. Hapa pana mtego. Usumba unaouzwa kwa kamba mara nyingi umetoka kwenye makumbi yaliyofukiwa pwani kwa miezi, umejaa chumvi mpaka kwenye nyuzi. Chukua kumbi la nazi iliyofuliwa nyumbani, lichane, lilowekwe maji matamu siku mbili, ubadilishe maji mara nne, kisha lianike. Juu kabisa tandaza majani makavu ya mkungu au mwembe yaliyochemshwa dakika kumi.

Namna ya kujua kama tandiko lina maji ya kutosha: chukua konzi moja, likamue kwa nguvu. Likitoa tone moja au mawili, sawasawa. Likitiririka, limezidi, na maji yamejaa huko chini kwenye vigae. Yanyonye kwa mpira mwembamba. Likimwagika vumbi mkononi, mimina maji kwa pembeni, siyo juu ya chura. Na linuse. Tandiko lenye afya lina harufu ya shamba baada ya mvua. Likinuka yai viza au mkojo, limekosa hewa. Litoe lote, usijaribu kuliokoa.

Maji ya mfereji yaache kwenye ndoo wazi saa 24 ili klorini iondoke. Maji ya kisima yaonje kwanza: kama ulimi unahisi chumvi hata kidogo, hayafai, kwa sababu chumvi inanyonya maji mwilini mwa chura kupitia ngozi ya tumbo, palepale anapotakiwa kunywea. Maji ya mvua ni mazuri ukiacha robo saa ya mwanzo ioshe bati. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi si ya mvua, ingawa yanang'aa. Yamepita kwenye shaba. Na jihadhari na tangi la juu ya paa: maji ya saa nane humo ni ya kuogea mtoto. Teka alfajiri. Bakuli liwe la kina kisichomfika kidevuni akiwa amekaa, na libadilishwe kila siku.

Kupulizia kunafuata msimu, si saa ya ukutani. Wakati wa kaskazi, Disemba mpaka mwanzo wa Machi, puliza mara mbili: baada ya Alfajiri na tena karibu na Magharibi, mililita 60 hadi 100 kila mara kwa sanduku la kimo hicho. Masika mara nyingi hakuna haja ya kupuliza kabisa; hewa ya nje inafanya kazi hiyo, na shida inageuka kuwa ukungu mweupe kwenye majani na kumbi. Kusi likivuma, Juni hadi Agosti, upepo unakausha kuliko watu wanavyodhani, basi rudi kwenye mara mbili. Kipimo cha kweli ni majani: yalowe, kisha yakauke ndani ya saa mbili au tatu. Yakibaki na maji kutwa, punguza maji au ongeza hewa. Wenye kiyoyozi wana kanuni yao, kwani chumba hukauka. Wao wafunike nusu ya wavu wa juu kwa plastiki. Chupa ya kupulizia inunuliwe mpya. Iliyowahi kubeba sabuni au dawa ya chooni haioshwi ikatakata.

Siku ya joto kali, sanduku likisoma nyuzi 30 na saa sita haijafika, anza mapema. Elekeza feni ipite juu ya wavu, isimpige chura. Gandisha chupa ya maji ya nusu lita, ifunge kwa kitambaa, ilaze juu ya wavu pembeni. Ubaridi unashuka wenyewe, na chura anachagua akae upande gani. Kanga iliyolowa na kukamuliwa ukaivika pande tatu za kioo, juu pakabaki wazi, inapunguza nyuzi mbili tatu kama feni inavuma, ila siku ya masika haisaidii kitu. Lengo ni kushusha polepole, nyuzi mbili kwa saa. Usimtie chura kwenye maji ya barafu. Umeme nao usiutegemee: walioishi Unguja bila umeme kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kebo ya kutoka bara ilipoharibika, hawahitaji kuambiwa. Kifeni cha kompyuta cha volti 12 kinazunguka usiku kucha kwa betri ndogo ya sola.

Chura mwenyewe anasema, ukimtazama. Akikauka anakunja miguu yote chini ya tumbo na kubana kwenye kona, ngozi inakosa mng'ao, na gamba la ngozi linalobanduka linamkwamia mwilini. Akizidiwa na joto anapauka rangi, koo linapiga haraka, na chura ambaye kawaida hulala mchana utamkuta amekaa bakulini au ananing'inia kwenye wavu akitafuta upepo. Akinyoosha miguu na asiirudishe ukimgusa, mlaze kwenye maji ya nyuzi 25 yasiyofika kidevuni, kivulini, kwenye utulivu. Wekundu tumboni na ndani ya mapaja ni habari nyingine: ni maambukizi ya bakteria, ambayo hupenda tandiko chafu, lililolowa, lisilo na hewa. Huyo anataka daktari wa mifugo, na mhamishie kwenye chombo kitupu chenye karatasi nyeupe iliyolowa mpaka apone.

Chetezo cha udi kisiingie chumba cha chura, wala udi wa mbu. Wapiga dawa ya ukutani wakipita mtaani, mtoe na sanduku lake kabla hawajaanza, apelekwe chumba kisichopigwa, na akirudi sanduku likae mbali na ukuta kwa upana wa mkono.