Kanisa likiwa mfadhili wa shule ya umma, mamlaka yake yanaishia wapi?

Katiba ya Kenya, kifungu cha 8, inasema hakuna dini ya serikali. Hata hivyo shule nyingi za umma zina majina ya watakatifu, na hapo hakuna sheria iliyovunjwa. Sheria ya Elimu ya 1968 iliyaondoa makanisa kwenye umeneja wa shule ikayaacha yakiwa wafadhili, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaendeleza mpango huo.

Mfadhili ana viti vitatu kwenye bodi ya usimamizi. Wawakilishi wa wazazi ni sita. Walimu wa serikali huajiriwa na TSC (Tume ya Huduma za Walimu), si na kanisa. Kifungu cha 27 cha Sheria hiyo ya 2013 kinamruhusu mfadhili kushauri na kuendeleza malezi ya kiroho, mradi alinde imani ya wanafunzi wa dini na madhehebu mengine. Sharti hilo ndilo linalosahaulika upesi, ingawa Katiba, kifungu cha 32(4), inakataza mtu yeyote kulazimishwa kutenda kinyume na imani yake.

Mahakama zimeshalipima jambo hili. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliwaunga mkono Waadventista waliodai watoto wao wasilazimishwe masomo siku ya Sabato. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumfukuza mwanafunzi Mrasta kwa sababu ya nywele zake kulikiuka haki zake.

Kesi ya hijabu ya shule ya Kiwanjani, Isiolo, ndiyo yenye funzo kubwa zaidi kwa mzazi. Kanisa la Methodisti, mfadhili wa shule hiyo, ndilo lililoshtaki likipinga hijabu. Mzazi aliyetetea hijabu akayaweka madai yake ndani ya hati ya kiapo ya kujibu, badala ya kufungua ombi lake rasmi. Alishinda katika Mahakama ya Rufaa mwaka 2016. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua ushindi huo kwa kuwa madai hayakufikishwa kortini ipasavyo. Haki ya kuvaa hijabu yenyewe ikabaki bila jibu la mwisho!

Kwa hiyo lalamiko la mdomo kwa mwalimu wa zamu halitoshi. Mwandikie mwalimu mkuu barua: taja imani ya mtoto, kanuni inayogongana nayo, na unachoomba, kwa mfano hijabu ya rangi ya sare, au ruhusa ya kukaa maktaba wakati wa misa. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa shule. Ukikataliwa, nenda kwa bodi ya usimamizi, kisha Bodi ya Elimu ya Kaunti, halafu Jopo la Rufaa za Elimu. Ukiruka ngazi hizi, jaji anaweza kukurudisha ulikotoka kabla hajasikiliza hoja yoyote.

Kanuni za shule zisome kabla hujatia sahihi fomu ya kujiunga, na ombi lako uliambatishe siku hiyo hiyo. Baadaye shule itaitoa fomu hiyo kama ushahidi kwamba ulikubali kila kitu.