Silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ilikuwa ikipanda na kushuka: dawa ilikuwa kusafisha throto (mlango wa hewa wa injini)

Toyota yenye throto ya umeme ilizima kwenye foleni, hasa asubuhi za baridi ya Julai hapa Arusha. Masizi yaliganda ukingoni mwa kisahani kinachofungua na kufunga hewa ndani ya throto, hewa ya silensa ikabanwa.

Nilichomoa waya hasi wa betri, nikalegeza klempu (kibano) ya bomba la eyaklina (kichujio cha hewa). Dawa ya kusafishia ilipulizwa kwenye kitambaa, kamwe si ndani ya throto: ikifika kwenye mota au sensa, throto inaweza kufa. Kisahani kifunguliwe polepole kwa kidole, kifutwe pande zote mbili. Skrubu ya kukizuia isiguswe, imepimwa kiwandani.

Kisha rudisha bomba na waya wa betri, washa bila kukanyaga mafuta, AC imezimwa, dakika 10. Silensa ikibaki juu, kagua klempu kwanza. Huenda hewa inavuja.